Maji ya ghorofani: juu yanadondoka, chini yanapasua mipira

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wakazi wa majengo marefu. Mmoja analia maji hayamfikii, mwingine analia yanampasulia mipira ya choo. Ni watoto wa baba mmoja, kwa hiyo tumeanza na barua ambayo jibu lake linazibeba nyingine.

Tangi kubwa, shawa dhaifu

*Naishi Upanga, Dar es Salaam, ghorofa ya tisa ambayo ndiyo ya mwisho. Tangi la lita 5,000 liko juu ya slebu, karibu kabisa na bafu letu, lakini shawa inachuruzika tu. Jirani wa ghorofa ya kwanza anasema kwake maji yanachapa ngozi. Kamati ya jengo inataka tuchange tuongeze tangi la lita 10,000. Litasaidia?*

Kwa presha halitasaidia, dada. Litawafaa siku ambazo maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, hayaji, na hiyo peke yake inaweza kuwa sababu nzuri ya kuchanga. Ila shawa itabaki ilivyo, kwa kuwa presha haijali wingi wa maji. Inajali kimo: ni mita ngapi za maji zimesimama juu ya koki yako. Kila mita 10 na kidogo ni baa moja, kile kipimo kinachosomwa kwenye geji. Pipa la lita 200 na tangi la lita 10,000, maji yake yakiwa usawa mmoja, yanasukuma sawasawa.

Tupige hesabu ya kwako. Kichwa cha shawa kiko mita 2 kutoka sakafuni, dari iko mita 2.8, slebu ina unene wa sentimita 20. Kutoka kwenye shawa hadi kitako cha tangi ni mita 1 tu. Tangi likijaa, maji ndani yake yana kina cha mita 1.6 hivi. Jumla ni mita 2.6, yaani baa 0.26. Likikaribia kuisha unabaki na baa 0.1. Shawa nyingi za vitundu vidogo zinataka kama baa 1 ndipo zinyeshe vizuri. Jirani wa ghorofa ya kwanza yuko ghorofa nane chini yako, kila moja mita 3, kwa hiyo anaongezewa mita 24 na kupata baa 2.6. Ni mara kumi ya yako, kutoka tangi lilelile.

Hiyo ni presha ya koki iliyofungwa. Ukiifungua, maji yanaanza kutembea na bomba linadai ushuru wake. Chukua shawa inayotoa lita 12 kwa dakika. Maji hayo yakipita mita 10 za PPR (bomba la plastiki) ya milimita 20 kwa nje, ile mafundi wanayoiita nusu inchi, yanapoteza karibu mita 2 za kimo, kwa sababu tundu la ndani la bomba hilo, lile lenye kuta nene linaloandikwa PN20, ni milimita 13 tu. Kwenye bomba la 25 (robo tatu) yanapoteza sentimita 65. Kwenye la 32 (inchi moja) yanapoteza sentimita 20. Kila kiwiko kinakula kama nusu mita ya bomba. Jirani mwenye mita 26 akipoteza mbili hajui kama amepoteza. Wewe mwenye 2.6 ukipoteza mbili umebaki na sentimita 60. Zaidi ya hapo, kama bomba linaloshuka kutoka tangini ni la wote, asubuhi wa chini wanapofungua koki, maji yanapita mlangoni kwako kwa kasi na kimo chako kinaliwa kabla hujagusa koki.

Kwa hiyo msinunue kitu kabla hamjapima, na msiishie kupima koki ikiwa imefungwa, pimeni na maji yakitembea. Geji ya baa 10 haina maana ghorofa ya juu, mshale hautanyanyuka. Tumia mpira wa levo, ule wa kuangazia ambao mafundi ujenzi wanapimia usawa. Funga mita tatu kwenye koki ya sinki la bafuni kwa klipu, nyoosha ncha ya pili hadi darini, fungua koki mpaka mpira ujae, kisha ziba ncha kwa kidole. Mwenzako afungue shawa yote. Achia kidole utazame. Maji yakishuka na kusimama, tuseme, sentimita 20 juu ya usawa wa kichwa cha shawa, basi kimo chote kutoka hapo hadi uso wa maji tangini kimeliwa njiani: bomba jembamba, geti valvu (koki ya kufungia bomba) iliyofunguka nusu, kutu au uchafu. Yakiendelea kumwagika darini hata shawa ikiwa wazi, bomba si mkosaji mkuu. Fungua kichwa cha shawa ukiloweke kwenye siki usiku kucha, maana maji ya visima yana chokaa inayoziba vitundu. Kama bado, hapo ndipo kimo chenyewe hakitoshi.

Kosa likiwa la bomba, dawa bora ni ghorofa mbili za juu kupewa bomba lao peke yao kutoka tangini, la milimita 32 hadi bafuni, na upana wake upunguzwe mita ya mwisho tu. Ni gharama ya siku moja au mbili za fundi na haili umeme.

Kuinua tangi kunasaidia kwa bei mbaya. Kila mita ya stendi inaongeza baa 0.1 tu, na lita 5,000 ni tani tano zinazokaa juu ya miguu minne. Msisimamishe stendi bila mhandisi kuangalia slebu na nguzo.

Dawa ya kimo ni pampu ndogo ya kuongeza presha, yenye uwezo wa kuinua maji mita 10 hadi 15. Iwekwe kwenye lile bomba la ghorofa za juu peke yake. Ikiwekwa kwenye bomba la wote itawanyonya majirani na kuvuta hewa. Ipewe njia ya pembeni yenye vali isiyorudisha maji, ili umeme ukikatika maji yapite kwa uzito wake. Na ukinunua, uliza inawashwa na nini. Pampu nyingi ndogo zinaamshwa na mwendo wa maji. Kama maji yako yanachuruzika mno, mwendo huo hautoshi kuiamsha, na utarudi dukani kudai imekufa kumbe nzima. Ya kwako iwe na swichi ya presha.

Mpira unapasuka usiku wa manane

*Jengo letu la Kariakoo lina ghorofa 16, sisi tuko ya pili. Mpira unaopeleka maji kwenye tangi la choo umepasuka mara mbili, zote usiku, na mara ya pili maji yameshuka hadi kwenye duka la vitambaa. Fundi anasema mipira ni feki. Ametubania geti valvu kidogo. Inatosha?*

Mipira inaweza kuwa dhaifu, lakini saa ya kupasuka inasema jambo jingine. Kutoka kwenu hadi ghorofa ya 16 ni mita 42. Ongeza mita 4 za slebu na tangi. Ni mita 46, yaani baa 4.5. Mchana watu wanatumia maji, mabomba yanadai ushuru, na ninyi mnapata pungufu ya hapo. Saa nane usiku koki zote zimefungwa, hakuna maji yanayotembea, na baa 4.5 nzima inakaa juu ya mpira wenu mpaka alfajiri.

Kubana geti valvu hakutoshi, na tunaomba jambo hili lieleweke kwa sababu linafanyika karibu kila jengo. Geti valvu iliyobanwa inapunguza presha wakati maji yanapita tu. Yakisimama, presha ya upande wa pili inapanda taratibu hadi kulingana na ya juu. Usiku mpira unapata ileile 4.5. Mmepoteza maji ya asubuhi bure.

Kinachotakiwa ni vali ya kupunguza presha, kwenye tawi la kila nyumba au la ghorofa nzima. Kwa kufuata maji yanakokwenda, mpangilio ni geti valvu, chujio, vali yenyewe mshale wake ukielekea ndani, geji, kisha geti valvu ya pili. Kabla ya kuifunga, acha maji yatoke bomba likiwa wazi kwa dakika mbili. Vumbi la PPR na mchanga ndivyo vinavyoua vali hizi siku ya kwanza. Anza skrubu ikiwa imelegezwa. Fungua koki moja, ifunge, soma geji. Kaza skrubu robo mzunguko kwa robo mzunguko mpaka geji isome 3 koki zote zikiwa zimefungwa. Ukipitiliza, legeza kisha ufungue koki kidogo, maana presha iliyokwisha kufungiwa ndani haishuki yenyewe.

Usimlipe fundi salio siku hiyohiyo. Soma geji asubuhi kabla mtu hajaamka. Ikisoma 3, kazi nzuri. Ikisoma 4 au 4.5, kuna chembe imekaa kwenye kiti cha vali na maji yanapenya usiku. Ifunguliwe ioshwe. Baada ya hapo, chujio lisafishwe kila miezi sita.

Kwa jengo lenu, kila nyumba kuanzia ghorofa ya saba kwenda chini inapita baa 3. Kamati ingefanya vizuri kuligawa jengo kanda mbili, ya chini ikapita kwenye vali kubwa moja na nyingine ya akiba pembeni yake, badala ya kila mpangaji kuhangaika peke yake.

Kuvuta moja kwa moja kutoka bomba la mtaa

*Nina ploti ya ghorofa nane Pipeline, Nairobi, vyumba 40. Maji yanakuja mara mbili kwa wiki, usiku, na hayapandi hata ghorofa ya kwanza. Majirani wamefunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Na mimi nifanye hivyo?*

Usifanye, mzee. Kampuni za maji zinakataza, na sababu yake ni ya kiafya kabla ya kuwa ya haki. Bomba lenye presha likiwa na ufa, maji yanatoka nje. Pampu ikilinyonya mpaka presha ishuke chini ya ile ya hewa, ufa uleule unaingiza ndani chochote kilicho nje, na mabomba mengi ya mitaani yamepita kando ya mitaro ya majitaka. Maji hayo yatakunywewa kwenye ploti yako pia.

Chimba tangi la chini. Presha isiyoweza kupandisha maji mita 3 inaweza kuyamwaga kwenye tangi ambalo mdomo wake uko chini ya usawa wa barabara. Mtiririko wa lita 15 kwa dakika, ambao mtu angeudharau, kwa saa sita za usiku ni lita 5,400. Weka floti ya kufunga tangi likijaa. Vyumba 40 vya watu watatu, lita 50 kila mtu, ni lita 6,000 kwa siku. Maji yakija kila baada ya siku nne unahitaji akiba ya lita 24,000 chini. Na kwa kuwa usiku mmoja wa mtiririko ule haujazi hizo, pima kwanza kwa ndoo na saa bomba lako linatoa kiasi gani. Huenda ukahitaji kuomba unganisho pana zaidi, au kuongezea kwa boza.

Pampu ikae karibu na tangi na chini iwezekanavyo. Vitabu vinasema pampu haiwezi kunyonya maji kutoka kina cha zaidi ya mita 10, na hiyo ni pwani. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi zaidi, na mpaka huo unashuka hadi mita 8.5. Ukitoa msuguano na uchakavu, usitegemee zaidi ya mita 5 au 6. Kusukuma juu ni jambo jingine, huko mpaka wake ni nguvu ya pampu yenyewe.

Hesabu ya kimo chako: ghorofa nane ni mita 24, tangi la juu 4, kina cha tangi la chini 3, msuguano 4. Jumla mita 35. Hapa ndipo wengi wanapoibiwa na macho yao. Bamba la pampu likiandika H max 40, maana yake ni kwamba ikifika mita 40 haitoi hata tone. Usinunue kwa namba hiyo. Muulize muuzaji mchoro wa pampu au jedwali lake, utafute inayotoa lita 50 kwa dakika ikiwa kwenye mita 35. Hiyo itainua lita 6,000 kwa saa mbili, na kwa kawaida ni ya hosipawa moja hivi. Funga swichi mbili za boya: ya tangi la juu iiwashe na kuizima, ya tangi la chini iizime maji yakikaribia kuisha. Pampu ikizunguka kavu, sili yake inaungua kwa dakika chache.

Pampu inawaka na kuzima kila sekunde

*Nyali, Mombasa. Tuna pampu yenye tangi la presha la lita 100. Siku hizi ukinawa mikono tu inawaka, inazima, inawaka tena.*

Upepo umeisha ndani ya tangi la presha. Zima umeme, fungua koki mpaka geji isome sifuri, kisha bonyeza vali ya upepo, ile inayofanana na ya tairi. Yakitoka maji, mpira wa ndani umepasuka, ubadilishwe. Ikitoka hewa peke yake, pima kwa geji ya tairi na ujaze kwa pampu ya baiskeli. Kiasi sahihi ni baa 0.2 chini ya presha inayowasha pampu. Kama yenu inawaka kwenye 2 na kuzima kwenye 3.5, jaza 1.8, sawa na 26 kwa geji ya psi. Hapo tangi litatoa kama lita 31 kabla pampu haijawaka. Msipuuze: mota inateseka zaidi inapoanza, na kuanza mara mia kwa siku kunaimaliza.

Tangi likikauka, maji hayashuki tena

*Dodoma, ghorofa ya sita. Tangi likiisha na kujazwa upya, wa chini wanapata maji, sisi tunakaa hadi jioni.*

Hewa imenasa kwenye bomba. Ninyi mna kimo kidogo, hamna nguvu ya kuisukuma. Fundi apachike bomba la kupumulia mara tu baada ya geti valvu ya tangi, lipande hadi juu kuliko mdomo wa tangi, na ncha yake ikunjwe kama mkongojo na kuzibwa kwa wavu wa mbu. Mabomba ya kulala yainame upande mmoja, yasiwe na mgongo katikati. Kwa leo, fungeni koki zote, mfungue ya juu kabisa peke yake, na geti valvu ya tangi ifunguliwe taratibu.

Kishindo umeme unapokatika

*Kila umeme ukikatika pampu ikiwa inafanya kazi, bomba zima la jengo linapiga kishindo. Ni hatari?*

Ndiyo. Pampu inasimama, nguzo ya maji iliyokuwa ikipanda inageuka na kuanguka, na vali isiyorudisha maji inajifunga kwa kuchelewa, maji yakiwa tayari yameshika kasi. Kwenye bomba la chuma, maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde yakisimamishwa ghafla yanazua presha ya karibu baa 13 kwa kitambo. Viungo vinalegea kidogo kidogo. Ondoeni vali ya kibao kinachobembea, muweke yenye springi inayofunga kabla maji hayajageuka, na bomba lishikwe kwa klampu kila mita mbili au tatu.

Majengo ya Dubai

*Kaka yangu anafanya kazi Dubai. Burj Khalifa maji yanafikaje juu?*

Kwa hatua. Ghorofa ya juu inayokaliwa iko takriban mita 585, na bomba moja lililonyooka hadi huko lingebeba karibu baa 57 chini yake. Kwa hiyo maji yanapandishwa kwenye matangi yaliyo katika ghorofa za mitambo, kutoka moja hadi nyingine, na kila kanda inagawiwa kivyake. Ni ileile dawa tuliyompa msomaji wa Kariakoo, imerudiwa mara nyingi.

Umeme wa pampu

*Jengo letu lina ghorofa 14 na nyumba 28. Kamati inadai umeme wa pampu ni uniti 600 kwa mwezi. Tutajuaje kama ni kweli?*

Kuinua lita 1,000 hadi mita 55, ambacho ndicho kimo chenu pamoja na msuguano, kunahitaji uniti 0.15 kama pampu ingekuwa haipotezi kitu. Pampu za ukubwa huu zinapoteza zaidi ya nusu, kwa hiyo weka theluthi moja hadi nusu uniti. Nyumba 28 za watu wanne, lita 120 kila mtu, ni lita 13,440 kwa siku, karibu lita 403,000 kwa mwezi. Matarajio ni uniti 135 hadi 200.

Uniti 600 zinaweza kuwa za kweli na bado ziwe na kasoro. Fungeni mita ndogo kwenye waya wa pampu peke yake, ili taa za ngazi na lifti zisihesabiwe humo. Zikibaki juu, usiku mmoja zimeni pampu saa sita, mchore alama ya kalamu kwenye tangi la juu usawa wa maji, na mtazame saa kumi. Maji yakiwa yameshuka sana, fungeni geti valvu ya matumizi muache saa nyingine moja. Yakiendelea kushuka, ama tangi lenyewe linavuja, ama, kama bomba la kupandishia linaingia chini ya usawa wa maji, vali isiyorudisha maji ya pampu imechoka na yanarudi chini. Yakisimama, piteni nyumba kwa nyumba mkiweka rangi kidogo ya chakula kwenye matangi ya vyoo. Bakuli likibadilika rangi kabla mtu hajavuta maji, mmepata zinakokwenda.